Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Karibu sana shuleni kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu yetu huchora ramani za mawazo na kutengeneza mabango kwa komputa. Ramani ya mawazo huanza na mada katikati ya ukurasa, kisha matawi hutoka pande zote, kila tawi na neno lake. Mwingereza Tony Buzan aliieneza miaka ya 1970, hasa kupitia vipindi vyake vya televisheni ya BBC vya mwaka 1974. Sisi tunaichanganya na ramani dhana, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipokuwa wakichunguza namna watoto wanavyoelewa sayansi. Katika ramani dhana, mstari unaounganisha mambo mawili sharti uandikwe neno linaloeleza uhusiano wake. Kulipata neno hilo ndiko kunakotutoa jasho.

Tulipofika kwenye Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kila mmoja alikuwa na orodha daftarini: pamba ya kulazimishwa, kodi, Kinjeketile Ngwale na maji ya dawa, Wamatumbi, Wangoni, njaa. Mwalimu wetu wa Historia akauliza mstari wa kutoka kwa Wajerumani hadi kwenye njaa uandikwe nini. Darasa likanyamaza, kisha ubishi ukaanza. Wengine walidhani ni ukame tu. Ikabidi turudi vitabuni, na humo tukasoma kwamba majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na akiba za chakula ili kuwavunja nguvu wapiganaji, na wananchi wengi mno wakafa kwa njaa. Juu ya mstari tukaandika: "waliileta kwa moto". Orodha tulikuwa nayo tangu mwanzo, lakini uhusiano huo haukuwamo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwenye mabango tumejifunza zaidi, kwa sababu bango lina msomaji ambaye si mwalimu. Masomo mengi ya sekondari tunayasoma kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kuandika jibu sahihi la Baiolojia kwa maneno ya kitabu bila kulielewa. Kwa hiyo bango letu la kichocho tuliliandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazazi wanaofua na kuchota maji ziwani. Hapo maneno ya kukariri hayakutosha. Tulilazimika kueleza kwamba mayai ya minyoo huingia majini kupitia kinyesi cha mgonjwa, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kuvua. Jina la kitaalamu, Schistosoma mansoni, tukalishusha chini kwa herufi ndogo. Juu tukaweka swali: "Mwanao anaoga wapi?" Bango hilo limebandikwa ukumbini humu, na tunakuomba ulione kabla hujaondoka.

Kazi zote huanza kwa penseli kwenye karatasi, kwa kuwa komputa ni chache na umeme hukatika. Mchoro ukishakubalika ndipo tunauhamishia kwenye Freeplane, programu ya bure isiyohitaji intaneti. Mabango tunayatengeneza kwa programu ya LibreOffice. Canva, tovuti ya kutengenezea mabango, nayo ina huduma ya bure kwa walimu wa msingi na sekondari waliothibitishwa, pamoja na wanafunzi wao, ila inahitaji intaneti. Klabu ina sharti moja tunalolisimamia kwa ukali: hakuna kunakili aya nzima kutoka mtandaoni na kuipamba maua. Bango la namna hiyo linapendeza macho, lakini aliyelitengeneza hajajifunza kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Changamoto tunazo. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, hivyo chumba cha komputa ndiyo nafasi pekee ya wengi wetu, na wenzetu ambao nyumbani hawana komputa hukosa kabisa muda wa kufanya mazoezi. Tunaomba utusaidie kupata intaneti ya uhakika, projekta moja, na printa ya rangi inayochapa karatasi za A3, maana bango lililobaki ndani ya komputa halimfikii mama aliyeko ziwani. Tunaomba pia mafunzo haya yatolewe kwa walimu wa masomo yote. Sasa hivi mzigo wote uko kwa mwalimu wa TEHAMA, ilhali swali lililotufungua macho kuhusu Maji Maji lilitoka kwa mwalimu wa Historia.

Ombi la mwisho linahusu zahanati ya kijiji. Tunaomba ofisi yako ituombee kibali cha kubandika bango la kichocho pale, baada ya mganga kulikagua na kusahihisha panapostahili.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya TEHAMA