Kaka, kile kijiuzi bado ninacho

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, na wasome watakaosoma.

Siku ya mazishi uliniita nyuma ya nyumba, ukafungua pamba, ukaniwekea kiganjani kijiuzi kisichozidi urefu wa ukucha, fundo bado limo. Ulikichomoa mwenyewe kwa kibano kwenye mshono wa mama, pale palipokuwa pakitoka usaha. Ukasema, "Si ndiyo kazi yako hii?" Ukaenda zako. Nimekusamehe mengi, hata yale ya kiwanja. Hilo bado.

Ulitaka nimletee uzi wangu. Uzi upi? Ule wa maabara, uzi wa kushonea vidonda ninaoupaka dawa ya kuua bakteria, ulikuwa haujajaribiwa hata kwa panya. Unadhani ni kuchovya uzi kwenye dawa na kuuanika? Uzi wa asidi ya poliglikoliki, aina ya plastiki, huyeyushwa na maji ya mwili. Lazima ushike wiki mbili tatu, nyama iungane, ndipo ulegee. Ukiupaka dawa nyingi, fundo linateleza. Ukiupaka kidogo, dawa inakwisha mapema na bakteria wapo. Joto la mvuke linauharibu, kwa hiyo tunautakasa kwa gesi. Nikiweka kipande kwenye kisahani cha bakteria, kesho yake nikakuta duara safi limekizunguka, nafurahi kama mtoto. Lakini kisahani si tumbo la mtu.

Na usiniambie zipo za kununua. Najua zipo, nyuzi zenye triklosani, dawa ya kuua bakteria, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza zitumike. Kisha yakaja matokeo ya jaribio la FALCON, 2021, wagonjwa wa upasuaji 5,788 katika nchi saba: uzi wa triklosani haukuonekana kuushinda ule wa kawaida katika kuzuia mshono kuoza. Kwa hiyo hata mama angeshonwa nao... Haya, nimeanza kukuhutubia. Mwenyewe angecheka.

Wewe una watoto, kwa hiyo shika hili: mshono ukizidi kuwa mwekundu badala ya kufifia, ukawa wa moto, ukatoa harufu, usingoje. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Najua utakachosema. Siku ya tano ulinitumia picha, nikajibu, "Kawaida tu, uzi unayeyuka." Nilijibu hivyo, sikatai. Lakini ile picha ilikuwa na giza, kaka. Na uzi ukiyeyuka kweli ngozi huwa nyekundu kidogo, nimeona mara nyingi. Wewe ndiye uliyekuwa naye chumbani. Picha haina harufu. Ungenipigia, ungesema neno moja tu, "kinanuka," ningekuja usiku ule ule.

Ulimgeuza kila baada ya saa mbili, hilo nalijua, na sikukushukuru.

Kijiuzi nilikiweka kwenye hadubini wiki iliyopita. Kimesokotwa, nyuzi nyembamba nyingi kama kamba, na katikati yake ndimo bakteria wanamojibanza. Jaribio la 1957 lilionyesha hivi: kwenye ngozi tupu wanatakiwa mamilioni ndipo usaha utunge, lakini ukiwemo uzi wa hariri, mia tu wanatosha. Nimekifundisha miaka yote kisa hicho. Sikukikumbuka siku ya tano.

Kadi ya mama iko kwako. Nataka kujua walimshona kwa uzi gani. Nipigie picha ule ukurasa wa upasuaji, ila safari hii utoke nao nje, kwenye mwanga.