Jina la shirika kubwa, mshahara wa shirika dogo

Mhariri,

Naishi Minnesota, na kijana wangu anasomea urubani. Ndiyo maana siku hizi nikikata tiketi husoma hata yale maandishi madogo ya chini: "safari hii inaendeshwa na" kampuni nyingine kabisa. Rangi ya mkiani ni ya shirika kubwa, rubani ni wa shirika dogo.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika dogo la Colgan Air iliyobeba jina la shirika kubwa la Continental ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Watu 50 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini Newark, akajipumzisha kwenye chumba cha wafanyakazi. Familia za marehemu zilipigania sheria ya usalama wa ndege ya 2010, na tangu 2013 rubani msaidizi naye kwa kawaida hudaiwa saa 1,500 za kuruka.

Leo wapo wanaotaka saa hizo zipunguzwe, eti marubani ni haba. Sikubali. Mwaka 2022 SkyWest, shirika dogo linalorusha ndege kwa majina ya makubwa, iliomba kuacha kuhudumia miji midogo 29 kwa kukosa marubani, na mwaka huohuo shirika kubwa la American likapandisha sana mishahara katika Envoy, Piedmont na PSA, kampuni ndogo linazozimiliki. Kumbe fedha zilikuwepo! Mashirika makubwa yanawachukua vijana wakishaiva. Basi yagharimie pia malezi yao. Na jina la anayeendesha ndege liandikwe kwa herufi kubwa, juu kabisa ya tiketi.

Mzazi,
Minneapolis