Kilevi kisichonuka: barua kwa mwanangu aliyeko chuoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na mama yako amefurahi kusikia kwamba umepata chumba hosteli. Ninakuandikia kwa sababu ya jambo moja ambalo singependa tulizungumze kwa simu huku wenzako wakisikia, nalo ni vilevi vinavyozunguka vyuoni siku hizi.

Enzi zetu, bangi ilinuka kabla mvutaji hajaonekana, na mla mirungi alijulikana kwa shavu lake lililotuna. Mzazi aliyemwambia mwanawe aachane na kundi fulani alikuwa amemaliza kazi, kwa kuwa kundi lenyewe lilionekana. Hofu yetu kubwa ilikuwa unga, yaani heroini, uliowateketeza vijana wengi wa pwani na Dar es Salaam, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuwapa waathirika methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, mwaka 2011. Hata hivyo, unga ulikaa maskani, na mwanachuo aliuona kuwa balaa la watu wengine.

Sasa kilevi kimevua nguo zake za zamani. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016, lakini hamu ya moshi wenye ladha ya matunda haikuisha, na leo kuna sigara za kielektroniki zinazoenea mfukoni kama kalamu. Bangi imeingia kwenye keki na biskuti, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kuwakamata watu kwa biashara hiyo. Hapo ndipo ninapotaka usome taratibu. Anayevuta bangi huisikia ndani ya dakika chache, akajua amefika wapi. Anayeila hungoja nusu saa, pengine hata saa mbili, kwa sababu ni lazima ipite tumboni na kwenye ini kwanza. Katika kungoja huko hudhani kwamba keki haina kitu, akaongeza kipande cha pili, kisha vyote viwili vikampanda kwa pamoja na kumkalia saa nyingi, huku moyo ukimwenda mbio na hofu ikimshika. Aliyeioka naye hajui ameweka kiasi gani katika kila kipande.

Upande wa pili, ule wa dawa za hospitali zinazogeuzwa kilevi, ninaushuhudia mwenyewe hapa kwenye duka langu la dawa. Huja kijana nadhifu, begi la kompyuta mgongoni, akataka dawa ya kikohozi. Hakohoi hata mara moja, wala haulizi bei. Anachouliza ni kama ni ile yenye kodeini. Mwingine hutaka tramado, dawa ya maumivu makali, bila cheti cha daktari, akisema mgongo unamuuma kwa kukesha akijisomea. Mimi huwarudisha wote, ingawa ninajua kwamba wapo wauzaji wasiorudisha mteja. Dawa hizi ni za jamii ya afyuni, ndugu wa ule unga tuliouogopa. Tramado ikizidi huweza kuleta degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa, na ikichanganywa na pombe hupunguza pumzi, hivyo anayedhaniwa amelala huenda anakufa.

Sikuandikii kwa kukushuku. Ninajua siku bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linapoingia hapakosi sherehe, na sitaki ujifungie chumbani. Ninachokuomba ni kwamba usile keki ambayo hujui imeokwa na nani, usipokee kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake, na usione haya kukataa. Hata mirungi, ambayo kwa majirani zetu Kenya ni zao halali la biashara, kwetu ni kosa la jinai, na kesi ya namna hiyo huweza kukukatizia masomo.

Mwenzenu akizidiwa, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, wala msimnyweshe maziwa au kumlazimisha kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja, na mumweleze daktari ukweli wote kuhusu alichokula na muda aliokula, kwa maana ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, lakini daktari asiyeambiwa atapoteza muda akitafuta malaria. Nauli ya bajaji nitakurudishia usiku huohuo, na sitauliza mlikuwa wapi.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.