Mvutaji aulizwe anavuta lini na kwa nini, si ngapi tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahudumu wa afya na wauzaji wa maduka ya dawa. Swali tulilozoea ni "Unavuta ngapi kwa siku?" Anayevuta Ijumaa na Jumamosi tu atakujibu kwamba yeye si mvutaji. Mwanamke anayevuta kwa kujificha nyuma ya nyumba atajibu hivyo hivyo, na wote wawili wataondoka bila ushauri wowote. Ni afadhali kuuliza: "Katika siku 30 zilizopita, umevuta hata sigara moja?" Kisha: lini, ukiwa na nani, na ilikusaidia nini?

Anayevuta kila siku anadaiwa na nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha. Nusu ya nikotini huisha mwilini kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo alfajiri mwili unadai. Akiwasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka, utegemezi wake ni mkubwa, hata kama kwa siku anavuta nane tu. Huyo apewe chingamu ya nikotini ya miligramu 4, si ya 2. Tena aelekezwe namna ya kuitumia, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Wakiitafuna mfululizo kama bigijii, nikotini inamezwa, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema dawa haifai. Aitafune polepole mpaka ahisi mwasho mdomoni, aiweke kati ya shavu na ufizi, mwasho ukiisha aitafune tena. Moja inakaa dakika 30. Kahawa na soda aziache dakika 15 kabla, kwa sababu asidi yake huzuia nikotini isipenye mdomoni.

Mvutaji wa mara moja moja kwa kawaida hana deni hilo. Kinachomvuta ni bia, mwenzake aliyewasha pembeni, na fegi inayouzwa moja moja mlangoni mwa baa. Dawa za nikotini zina kazi ndogo kwake. Akae wiki kadhaa bila pombe, awaambie wenzake wasimpe hata ya kuonja. Na asijifariji kwamba anavuta kidogo: sigara 1 kwa siku ina karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara 20.

Sasa wanawake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta wanaotumia tumbaku nchini ni asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake, na kwa uchache huo mwanamke husahaulika. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba, kwa wastani, wanaume huvutwa zaidi na nikotini yenyewe, na wanawake zaidi na haja ya kutuliza hasira, huzuni na msongo, pamoja na hofu ya kunenepa. Hata harufu ya moshi na kile kitendo cha kushika sigara vina nguvu zaidi kwao. Isitoshe, ini la mwanamke huondoa nikotini haraka zaidi, na haraka zaidi bado akiwa anameza vidonge vya majira au ni mjamzito. Tusishangae basi plasta ya nikotini, ile inayobandikwa kwenye ngozi, ikimsaidia mwanamume kuliko mkewe. Mwanamke anahitaji pia mpango wa saa ile ya hasira: atamwendea nani, mikono itashika nini. Uzito asifichwe. Anayeacha huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo. Asianze kujinyima chakula wiki ile ile anayoacha sigara, kwani njaa humrudisha kwenye sigara.

Mahali pa kumpata ni kliniki ya uzazi wa mpango. Mvutaji wa miaka 35 na zaidi hafai kupewa vidonge vyenye homoni mbili, hasa akivuta 15 au zaidi kwa siku, kwa hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Vidonge vya homoni moja, kijiti na kitanzi vipo. Ila aulizwe akiwa peke yake, mume au mama mkwe akiwa nje ya chumba, la sivyo hatasema.

Mshauri wa afya,
Morogoro