Fulana ya mitumba na ile habari yenu ya Pride

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi lilipokuwa likifika Kigoma kwa treni, mechi mliyoitangaza kuwa itachezwa imeshachezwa na watu wameshaisahau. Sijawahi kuwaandikia. Mmekosea majina ya mitaa yetu, nikanyamaza. Mliwahi kuihamishia Ujiji Tabora, nikacheka. Ila ile habari ya matamasha ya Pride, yale ya mashoga na wasagaji kujitokeza hadharani, yenye picha kubwa ya bendera yao ya upinde wa mvua na kichwa chenye hasira kuliko maelezo, imenifika shingoni.

Mwandishi wenu anasema matamasha hayo yalibuniwa na makampuni makubwa ili yauze bidhaa, kisha yakaletwa Afrika na fedha za wafadhili. Angeuliza. Maandamano ya kwanza ya New York yalifanyika tarehe 28 Juni 1970, mwaka mmoja baada ya polisi kuvamia baa ya Stonewall Inn waliyokuwa wakikutana, na siku hizo hakuna benki wala kampuni ya soda iliyotaka jina lake lionekane karibu na watu wale. Bendera yenyewe ilianza San Francisco mwaka 1978. Gilbert Baker na watu wapatao 30 wa kujitolea walitia rangi vitambaa kwa mikono yao, wakavishona. Ilikuwa na rangi nane. Pinki iliondolewa baadaye kwa sababu kitambaa chake kilikuwa hakipatikani, jambo ambalo fundi cherehani yeyote wa Mwanga analielewa bila kufafanuliwa. Siku hizi ni sita. Mwandishi wenu kaandika saba, na picha iko juu ya maneno yake pale pale.

Huku kwetu Afrika, Johannesburg waliandamana tarehe 13 Oktoba 1990. Mmoja wa waliokuwa mbele ni Simon Nkoli, aliyewahi kusota rumande kwa kesi ya uhaini ya Delmas pamoja na wapinga ubaguzi wa rangi akina Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, akaonekana hana hatia mwaka 1988. Waandaaji walitoa mifuko ya karatasi kwa waliotaka kuficha nyuso zao. Sasa niambie, Mhariri, ni kampuni gani inatangaza biashara kwa watu waliojifunika mifuko kichwani? Waganda nao walikusanyika Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, Agosti 2012, na polisi wakawafuata huko huko. Mwaka 2014 wakarudi, siku chache tu baada ya Mahakama ya Katiba kuifuta sheria iliyotungwa dhidi yao. Hapo faida iko wapi?

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Karibu na kibanda changu wanaegesha bodaboda, na kuna kijana mmoja pale mwenye adabu zake, huniita mama mdogo ingawa hatuna undugu. Alinunua fulana sokoni kwenye mitumba akaniletea niibane ubavuni. Kifuani ina upinde mdogo wa mvua. Mgongoni kuna orodha ya waliochangia tamasha la mji fulani wa Marekani: duka la mikate, daktari wa meno, kinyozi, duka la baiskeli, na kanisa. Ndiyo, kanisa. Ukitoa Kiingereza, ile orodha ni kadi ya michango ya harusi za mtaani kwetu. Niliibana, akalipa, akaenda zake. Kisha likaja gazeti lenu. Vijana wa kijiweni walimsimamisha barabarani akiwa na abiria, wakalishika gazeti pembeni ya kifua chake wakalinganisha, mmoja akamzaba kofi, wengine wakamvua fulana mbele za watu na kuitupa mtaroni. Abiria, mama aliyekuwa na dumu lake la mawese, alishuka akaenda kwa miguu na nauli hakulipa. Kijana anatetemeka, anauliza amekosa nini. Hakujua ile alama ni ya nini. Na kama angejua? Na kama ni kweli yuko vile wanavyomdhania, kofi lingekuwa halali? Tulikwenda kwa kiongozi mmoja wa mtaa kutoa malalamiko, naye akanigeukia mimi: kwa nini nabana nguo za namna ile!

Najua sheria ya nchi, msinifundishe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume cha maumbile, kipo, ni urithi wa Mwingereza, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Mimi maoni yangu kuhusu kifungu hicho ninayo, lakini hata anayekipenda anionyeshe mahali kinapotaja fulana, au kinapompa kijana wa kijiweni ruhusa ya kupiga. Tangu ile Oktoba 2018, Paul Makonda alipokuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam akataka wananchi wamtumie majina ya mashoga, kila mtu amejifanya mpelelezi. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema yale ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Hilo la wizara huku halikufika. Pengine lilipanda treni.

Na kama mnatafuta tamasha la makampuni, njooni kwetu. Jukwaa limefunikwa mabango ya kampuni ya simu juu mpaka chini. Wazee wa ngoma wametolewa Kasulu kwa lori, wanachezeshwa kwenye jua kabla mgeni rasmi hajafika, wanapewa soda moja moja, wanarudishwa. Akina mama wenye migebuka ya kukaanga wanafukuzwa uwanjani wasiharibu picha. Mkoa uliozaa wanamuziki wanaojaza viwanja unakodishiwa mshereheshaji kutoka Dar, tena hajui hata salamu ya Kiha. Hayo mmeyaandika lini?

Ninachoomba ni kidogo. Mtumeni yule mwandishi sokoni siku ya kufungua mabelo, asome migongo ya fulana, na alichokisoma mkichape ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Pili, kijana anavaa L. Fulana iwe nyeupe, isiyo na maandishi yoyote, hata jina la gazeti lenu. Ipakieni kwenye basi la Kigoma, na nauli ya mzigo mlipe huko huko, sitaki kudaiwa nikifika stendi.

Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma