Fundi, ulizia ufunguo kabla ya kufuta diski

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwatahadharishe wauzaji na mafundi wa kompyuta, na zaidi sisi wateja wa huku Lamu ambao fundi hutubidi kumfuata kwa boti hadi Mokowe kisha kwa basi hadi Malindi.

Kompyuta yangu ya mapajani iligoma kuwaka. Feni ilivuma, taa ndogo ikamweka, kioo kikasalia cheusi. Ndani mlikuwamo picha za marehemu mama, hesabu za chama chetu na tungo za nyanya nilizozichapa usiku baada ya usiku. Fundi alipoifungua alikuta bodi kuu imeota kutu ya kijani, maana hewa ya chumvi haichagui cha mwalimu wala cha tajiri. Akachomoa diski na kuiunganisha na kompyuta yake. Diski ilikuwa nzima, ila ilidai ufunguo wa tarakimu 48. "Maalim, hivi ni virusi," akasema, "tuifomati, yaani tufute yote, uanze upya."

Nilikataa, nami namshukuru Mungu kwa ukaidi huo. Havikuwa virusi bali BitLocker, kufuli la Windows linalovuruga kila kilichoandikwa kwenye diski hata kisisomeke bila ufunguo. Kwa kawaida ufunguo huo hulindwa na kijisehemu kiitwacho TPM kwenye bodi kuu, ndiyo maana kompyuta ikiwa nzima hujifungua yenyewe na mwenyewe asijue kwamba ina kufuli. Bodi ikifa, au diski ikihamishwa, hubaki zile tarakimu 48 tu. Wala si lazima mtu awe amelifunga kwa hiari yake: kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga zenyewe pindi mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na nakala ya ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Akaunti yangu ilifunguliwa dukani na muuzaji, kwa nambari yake ya simu, akidai ananirahisishia. Nilipotaka kuingia, msimbo ulitumwa kwake! Siku tatu nilimsaka, na lau angekuwa ametupa laini ile, sijui leo ningekuwa naandika nini. Aliponisomea msimbo, nilikuta funguo mbili katika akaunti. Nikachukua ule ambao herufi na tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo wenyewe zililingana na zilizokuwa kiooni mwa fundi, nikamsomea makundi manane ya tarakimu sita sita huku akibonyeza, na faili zote zikatokea.

Kwa hiyo wauzaji wasifungue akaunti ya mteja kwa nambari zao, na ufunguo uandikwe kwenye karatasi akabidhiwe pamoja na risiti. Mafundi nao waulize akaunti ni ya nani kabla ya kutaja kufomati, kwa kuwa diski ikishafomatiwa hata ufunguo sahihi huenda usifae kitu. Ufunguo usipopatikana wamwambie mteja ukweli kwamba hakuna programu ya kulivunja kufuli hilo, wasimtoze kwa kubahatisha, na wamrudishie diski yake kama ilivyo, kwani huenda karatasi ikaonekana mwakani ndani ya msahafu au chini ya godoro.

Wangu nimeuandika katika daftari la chama, na nakala iko kwa dada yangu Malindi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu