Alifikishwa: barua ya wazi kwa vijana mnaoongoza wageni Ujiji

Vijana wangu,

Mwakeye. Na kwa wenye salamu nyingine, asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo. Ujiji ni yetu sote.

Juma lililopita nilikaa kwenye kivuli cha miembe pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari wa Kiskoti, nasubiri jua lipungue ndipo nipande bajaji. Akaja mmoja wenu na wageni watatu. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, Kiingereza kinatiririka. Moyo wangu ukafurahi. Halafu nikamsikia akiwaeleza kwamba kabla ya Wazungu kufika babu zetu walikuwa wanaishi porini tu, hawana biashara wala utawala, mpaka Burton na Speke, wale wasafiri wa Kiingereza, walipokuja wakaligundua ziwa, kisha Stanley, mwandishi wa gazeti, akamgundua Livingstone chini ya mwembe huuhuu. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja akatoa kidaftari, akaandika.

Sikumkatiza. Kijana yuko kazini kwake, na mimi si mtu wa kumwaga mchuzi wa mwenzangu. Lakini nilifika nyumbani chakula hakipiti, kwa sababu maneno yale nayajua yalikotoka. Mimi niliyafundisha.

Nilipokuwa mwalimu niliandika ubaoni mwaka baada ya mwaka: "Burton na Speke waligundua Ziwa Tanganyika, 1858." Watoto wakanakili. Siku moja mtoto wa mvuvi, bado ana magamba ya dagaa kwenye vidole, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao waliowavusha kwa mtumbwi, wao walikuwa hawajaliona?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia kaa chini. Swali lake halikuwa kwenye mtihani. Basi barua hii ni jibu lake, limechelewa mno, na nalitoa kwenu kwa kuwa sasa ubao mmeushika nyinyi.

Tuanze na huo ugunduzi, maana una kichekesho ndani yake ambacho mngeweza kukiuza kwa wageni bila kuongeza chumvi. Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulikuwa unapanda kilima upande wa mashariki ya ziwa. Burton maradhi yamemmaliza miguu, njiani alikuwa akibebwa kwa machela. Speke ana ugonjwa wa macho, haoni ila ukungu na mng'ao. Burton akaona kitu kinameta kule bondeni, akamuuliza Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika wa msafara wao: ule mstari wa mwanga kule chini ni nini? Bombay akajibu kwamba kwa maoni yake, yale ni maji. Sijalitunga mimi hilo, Burton ameliandika mwenyewe katika kitabu chake. Mmoja hawezi kutembea, wa pili hawezi kuona, wa tatu ndiye anayewaambia "yale ni maji". Kisha wakateremka, wakakodi chombo cha mfanyabiashara wa Kiarabu, wakapigiwa makasia hadi Ujiji, mji uliokuwa na soko la pembe, chumvi, samaki, mawese na watu. Sasa niambieni mgunduzi ni yupi.

Huyo Bombay mnapaswa kumjua kama mnavyoijua stendi ya Mwanga. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa hadi India, akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Alikuja Ujiji na Burton na Speke. Akaja tena na Stanley mwaka 1871. Akaja mara ya tatu na Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1874, na kutoka hapa wakaendelea mpaka wakaifikia bahari ya magharibi. Chama cha Kijiografia cha London kilimpa nishani na pensheni. Wazungu wale walikuja na kuondoka kila mmoja na safari yake, Bombay yumo katika zote tatu. Lakini katika maelezo yenu hayumo hata mara moja.

Ndiyo maana nawaomba mbadilishe kitenzi. Acheni "aligundua". Kiswahili kina neno linalotosha kabisa: alifikishwa. Burton alifikishwa Ujiji. Stanley alifikishwa. Ukisema hivyo tu mgeni mwenyewe atakuuliza: na nani? Hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Kuna neno jingine linalonikera zaidi, maana tumelimeza sisi wenyewe hadi kamusini. Hongo. Leo hongo ni rushwa. Zamani za misafara hongo ilikuwa ushuru wa njia: unapita nchi ya mtu, unalipa nguo, shanga au waya wa shaba, unapewa ruhusa, maji, na soko la kununulia chakula. Stanley alipokuwa anakuja huku Novemba 1871 alipita Buha, nchi ya Waha, akadaiwa hongo, akalipa, akadaiwa tena mbele, akachoka. Akamtafuta mtu wa kumwongoza, wakatoka usiku na msafara mzima, kimya, wakapenya pori kukwepa watoza ushuru waliobaki. Kisha akaandika kwamba Waha ni watu wa tamaa. Leo mtu akipita Manyovu usiku na mzigo ili akwepe forodha tunamwita mfanya magendo, na tunamkamata. Lakini katika vitabu mwenye magendo akawa shujaa, mwenye nchi akawa mnyang'anyi. Na lugha yetu ikafuata kitabu. Mkieleza habari hii wageni watacheka, naapa, na wakimaliza kucheka watakuwa wameelewa kwamba Buha ilikuwa na wenyewe.

"Hawana biashara," alisema kijana wangu. Uvinza ni mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Zile chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta dalili kwamba watu walikuwa wanachemsha chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chumvi ile ilisafiri mbali pande zote. Mtu haipeleki chumvi mbali kama hana njia, hana soko, na hana mtu wa kumwamini upande wa pili.

Na Wanyamwezi wa Tabora, ambao vitabu vya kikoloni viliwaandika kana kwamba wamezaliwa na mzigo begani? Walikuwa na misafara yao hadi pwani kabla Mzungu yeyote hajaonekana Tabora. Upagazi ulikuwa kazi yenye ujira, posho, na vyeo: kirangozi anayetangulia, mnyampara anayesimamia. Maneno yao bado tunayatumia, ingawa mnyapara leo tunamkuta gerezani na kwenye saiti za ujenzi.

Nije kwa Chuma na Susi, wale wa Livingstone, ambao huwa mnawataja haraka haraka, "watumishi wawili waaminifu", halafu mnaendelea na picha. Polepole hapo. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa msafara mzima, wanaume na wanawake, akiwemo Halima mpishi. Wangeweza kumzika na kutawanyika, nani angewadai? Wakaketi shauri. Wakaandika orodha ya mali yake yote ili asije mtu kuwaita wezi. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik kule India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga ndani ya nguo na gome la mti. Wakaanza kutembea. Walipofika Tabora mwezi Oktoba wakamkuta Luteni Cameron yuleyule, akawashauri wamzike palepale. Wakamkatalia. Mbele ya safari wenyeji wakakataa maiti isipite nchini mwao. Basi wakajifanya wanairudisha ilikotoka, kumbe wameifunga upya ionekane robota la nguo za biashara. Februari 1874 wakaikabidhi Bagamoyo.

Uaminifu ulikuwepo, sibishi. Lakini neno "waaminifu" likisimama peke yake linaficha akili. Mtu mwaminifu anaweza kukaa akalia mpaka kesho. Hawa waliendesha safari ya miezi tisa, wakapima hatari, wakamkatalia ofisa, wakawazidi watu ujanja. Livingstone alipozikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Chuma na Susi hawakuwepo. Waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Mtaniuliza, kwani uongo huu ulitengenezwa ili iweje? Tazameni jambo moja. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lao huku ni mali ya dola yao, ila pale mtu atakapothibitisha haki yake. Ili amri kama hiyo iingie akilini, lazima kwanza nchi iwe tupu: haina mwenyewe, haina historia, ina "watu wa porini" tu. Waingereza walifanya vivyo hivyo Australia, na mahakama kuu ya kule ilikuja kuukana uongo huo mwaka 1992 tu. Mwaka uleule wa mwembe wenu, 1871, Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu akasema ni kazi ya Malkia wa Sheba, maana mtu mweusi hawezi kupanga mawe vile. Wachimbuzi wakathibitisha mwaka 1905, na tena 1929, kwamba waliojenga ni Waafrika. Hata hivyo mwaka 1963 profesa wa Oxford, Trevor-Roper, bado alisema kwamba Afrika haina historia ila ya Wazungu waliomo, mengine ni giza. Nilikuwa mtoto wakati huo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa ameshaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, miaka sitini hivi nyuma.

Nimemtaja Tippu Tip makusudi, kwa kuwa naogopa kosa la pili. Kuna wenzenu wawili watatu, wamesoma soma mtandaoni, wameanza kuwaambia wageni kwamba kabla ya ukoloni hapa palikuwa pepo. Hapakuwa pepo. Watu waliuzwa Ujiji. Waliouza walikuwa Waarabu, Waswahili, na watu weusi wenye majina kama yetu. Julai 1871 Livingstone alishuhudia kule Nyangwe, leo ni Kongo, wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni, na ndiyo yaliyomrudisha Ujiji akiwa amevunjika moyo. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa Urambo, naye alivamia na kuteka. Msiyafiche hayo, mgeni akijua umemficha moja hatakuamini kumi. Ila malizieni habari yenyewe. Wajerumani walikuja wakisema wanakomesha utumwa, lakini hawakuufuta; ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Na huyo Mirambo ni mfano mzuri wa kalamu inavyogeuka. Mwaka 1871 Stanley alikwenda kumpiga vita akiwa na Waarabu wa Tabora, wakashindwa vibaya, akamwandika jambazi. Mwaka 1876 wakakutana uso kwa uso, wakachanjiana udugu, akamwandika muungwana. Mtu ni yuleyule.

Nina neno kwa wale mlio Waha, na nalisema kwa upole. Nimewasikia mkitaniana kwamba Mha kazaliwa kwa kazi ngumu, na wengine mnawachekesha wageni kwa hilo. Waingereza waliifanya Kigoma ghala la vibarua. Watu walipakiwa kwenye treni kwenda kulima mkonge Tanga, kila mmoja na namba yake, ndiyo asili ya neno manamba. Huku nyumbani hakikuhimizwa zao la maana la biashara, maana mwenye pesa yake hapandi treni ile. Babu yangu mzaa mama alipanda. Alirudi na blanketi moja na kikohozi. Kwa hiyo msinichekeshe na hilo.

Na mwembe. Jamani, someni jiwe. Limeandikwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe uliokuwa ukisimama hapo. Uliokuwa. Mti ule ulikufa siku nyingi. Msimwambie mgeni aushike.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri nipo barazani kwangu, nyuma ya soko. Nina picha nilizokata magazetini miaka mingi, na ramani niliyoichora mwenyewe ya njia ya Bombay. Njooni na madaftari. Kahawa itakuwepo, kashata mje nazo nyinyi, na yule kijana wa shati la pasi aje pia. Sina ugomvi naye.

Wenu,
Babu, mwalimu mstaafu,
Ujiji